Karatasi ya labo inasema farasi iko «pozitifu»: tuisome namna gani?



Juma iliyopita rafiki mmoja wa promosyo yetu alinitumia picha ya karatasi kwa telefone. Yeye anatumika mu fermu moja nje ya Lubumbashi, na patro wake alinunua farasi watatu toka Afrika Kusini. Mmoja wao, jike la miaka saba, alikuwa na homa ya kupanda na kushuka, hakuwa anakula vizuri, na mbavu zilianza kuonekana. Wakatoa damu, wakaituma labo. Jibu likarudi: antikoro za piroplasmozi, pozitifu. Patro akasema mambo ni wazi, ugonjwa umepatikana: dawa inunuliwe mara moja, na kama dawa haipatikane, basi nyama auawe mbele hajaambukiza wenzake. Rafiki yangu akaniandikia maneno mafupi tu: «Wewe ulikuwa unapenda kozi ya imunolojia. Ile karatasi inasema kweli ao inadanganya?»

Nilimujibu: inasema kweli. Lakini inajibu swali ingine, si lile ninyi muliuliza.

Kisha nikaona mesaji inakuwa ndefu kupita kiasi, nikasema heri niandike hapa kwa wote. Wengi wetu, wa agronomia, wa veterineri, wa medsini, ata wale wa sheria wenye ng'ombe za baba kijijini, siku moja tutashika karatasi ya namna hii na watu watatuangalia machoni wakisema: wewe ulisoma, tuambie. Nachukua farasi kwa mfano juu kwake hii mambo inaonekana wazi kuliko kwa nyama wengine wengi. Na tena juu kosa langu mimi mwenyewe nililifanya kwa farasi. Nitalieleza pale chini.

Tuanze kwenye msingi. Antikoro, zile vitabu vya Tanzania vinaita kingamwili, ni protini zinazotembea mu damu. Zinatengenezwa na chembe nyeupe za aina ya B wakati mwili umekutana na kitu kigeni: mikrobe, sumu, chanjo, ata damu ya mtu mwingine. Kila antikoro inajua adui mmoja, na kusema kweli haijue adui mzima, inajua kipande chake kidogo tu. Inakishika, inakigandamania, na chembe zingine za mwili zinakuja kumaliza kazi.

Wakati adui ni mugeni kabisa, mwili unatoa kwanza antikoro kubwa zinaitwa IgM. Zinaonekana mu damu kisha siku chache, kama juma moja hivi, lakini hazidumu. Nyuma yao zinakuja IgG, ndogo zaidi, nyingi zaidi, ambazo zinaweza kubaki miezi ao miaka. Muchunge hii tofauti, tutairudilia: IgM inanuka mambo ya juzi, IgG inaweza kuwa habari ya juzi ao ya zamani sana.

Na ile namba ya ajabu kama 1/80 ao 1/640 mu karatasi, inatoka wapi? Ni kama mtu anayeongeza maji mu supu ili ajue ilikuwa na chumvi kiasi gani. Labo inachukua serumu, inaipunguza na maji ya chumvi mara 10, kisha 20, kisha 40, kisha 80, na kila mara inaangalia kama antikoro zingali zinashika. Kipimo cha mwisho ambacho bado kinashika njo tunaita titre. Kwa hiyo 1/160 mbele ya 1/80 ni hatua moja tu ya kuongeza maji. Mwenye kupima mwenyewe anaweza kukosea hatua moja leo na kesho. Njo maana madaktari wa nyama hawashituke mpaka titre ipande mara nne, ni kusema hatua mbili.

Farasi na antikoro wana historia ndefu, na inatugusa sisi watu. Mwaka 1890, kule Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba serumu ya nyama aliyezoezwa na sumu ya tetanosi inaweza kukinga nyama mwingine ambaye hajazoezwa. Miaka minne nyuma yake Émile Roux alikuwa anatumia farasi kule Paris kwa serumu ya difteria, na sababu ni nyepesi: farasi wa kilo 500 ana kama lita 40 za damu, na anavumilia kutolewa. Behring akapata Nobel ya kwanza ya medsini mwaka 1901. Mwaka ule ule, mu mji wa St. Louis kule Marekani, watoto 13 walikufa kwa kupewa serumu ya difteria iliyotoka kwa farasi mmoja jina lake Jim, juu Jim alikuwa ameshikwa na tetanosi na serumu yake ikatumiwa bila kupimwa. Ata leo mulimaji akiumwa na nyoka, akiwa na bahati ya kufika fasi kuna serumu, mara mingi zile ni antikoro za farasi zinaingia mu mshipa wake. Kwa hiyo tusiseme farasi ni mambo ya wazungu na ya matajiri.

Sasa kosa langu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nikafanya staje mu fermu ingine yenye ng'ombe wengi na farasi wachache. Kazi yangu ilikuwa chakula cha nyama na majani, lakini unajua staje: unafanya yote. Kulikuwa jike moja karibu kuzaa. Siku mbili mbele ya kuzaa, maziwa yakaanza kumutoka yenyewe, yanatiririka mpaka kwenye miguu ya nyuma. Mimi nikafurahi. Nikaandika mu kaye yangu: «maziwa mingi, hali nzuri». Mzee mchungaji, tulikuwa tunamuita Papa tu, alikuja akaangalia, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Labda aliona kijana wa iniversite ameisha andika, basi ni kweli.

Mtoto akazaliwa usiku. Mbele ya saa moja kuisha alikuwa amesimama, na asubuhi tukamukuta ananyonya. Sisi wote meno inje. Siku ya tatu akaanza kulala sana. Siku ya ine goti moja na kiungo cha mguu wa nyuma vilikuwa vimevimba, vina moto. Siku ya tano akafa. Veterineri aliyefika akiwa amechelewa hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja: «Mama yake alikuwa anavuja maziwa mbele ya kuzaa?» Nikafungua kaye. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, na tarehe.

Mtoto wa mtu anapokea antikoro za mama yake angali tumboni, zinapita mu plasenta miezi ya mwisho ya mimba. Plasenta ya farasi haifanye vile. Kati ya damu ya mama na ya mtoto kuna tabaka sita, na antikoro haziwezi kupita. Basi mtoto wa farasi anafika duniani karibu mikono mitupu. Si kusema mwili wake hauwezi kutengeneza antikoro. Unaweza, lakini utahitaji majuma na miezi mbele zitoshe, na mikrobe za mu majani ya kulalia hazingojee.

Kinachomuokoa ni maziwa ya kwanza, kolostrumu. Majuma ya mwisho ya mimba, kiwele cha mama kinavuta IgG toka damu yake na kuzikusanya. Yanakuwa maziwa mazito, ya manjano, yenye kunata kwenye vidole. Lakini yanatengenezwa mara moja tu kwa kila mimba. Yakiisha, yanayofuata ni maziwa ya kawaida: yanashibisha, hayakinge. Ile maziwa iliyokuwa inadondoka kwenye miguu ya jike letu ilikuwa chanjo yote ya mtoto, inamwangika mu vumbi, na mimi nimesimama pale na bik nikisema hali nzuri. Usiku ule mtoto alinyonya sana. Alinyonya maziwa bule.

Na saa nayo inahesabu. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi una chembe za pekee zinazoweza kumeza antikoro nzima nzima na kuzipitisha mu damu bila kuzisaga. Kazi hiyo inaenda vizuri masaa sita ao nane ya kwanza, kisha inashuka, na kama masaa 24 yakifika mlango umefungwa. Kumupa kolostrumu siku ya pili ni kumupa chakula tu.

Njo maana watu wa farasi wanapima IgG ya mtoto kati ya masaa 18 na 24, ao ata masaa 8 mpaka 12 kama wana wasiwasi, juu pale mlango ungali wazi kidogo. Namba zenyewe: zaidi ya gramu 8 kwa lita ya serumu, vizuri. Kati ya 4 na 8, amepokea nusu nusu. Chini ya 4, hajapokea. Muangalie vipimo mu karatasi: labo zingine zinaandika miligramu kwa desilita, basi 8 inakuwa 800 na 4 inakuwa 400. Mtu akisoma haraka anaweza kupiga kelele ya furaha kwa mtoto ambaye anaenda kufa.

Namna ya kupima ziko nyingi. Ile yenye kuaminiwa sana ni ya jeli: serumu inawekwa mu kishimo kidogo, antikoro zinasambaa mu jeli iliyo na kishikio chao, zinachora duara, na upana wa duara unasema kiasi. Shida ni kwamba inachukua kama siku nzima, na mtoto hana hiyo siku. Kwa hiyo kwenye zizi wanatumia teste za haraka, zile za rangi zinazojibu kwa dakika kumi hivi, ao za kizamani za bei ndogo. Mu moja ya hizo, unachanganya serumu kidogo na glutaraldeide: kama IgG ziko mingi, inaganda upesi, kama dakika kumi, kama ziko kidogo inakawia ao haigande. Ingine ni ya zinki sulfati: serumu yenye antikoro inafanya maji kuwa na ukungu mpaka usisome maandishi nyuma ya chupa. Lakini kama damu ilitolewa vibaya, chembe nyekundu zikapasuka, ukungu unaonekana zaidi ya ukweli na unadanganywa.

Hapa nina neno kwa wenzangu wa agronomia. Ile refraktometre tunapimia sukari ya miwa na ya tomate, yenye kusoma Brix, inapima ata kolostrumu. Tone moja tu kwenye kioo. Kama inasoma 23 ao zaidi, kolostrumu ni nzuri. Ile fermu ilikuwa nayo mu kabati. Mimi mwenyewe niliitumia juma mbili mbele kwa kupima tomate.

Ningejua, tungefanya nini? Kabla masaa 12 kupita: kolostrumu ya jike lingine, lita moja mpaka mbili kwa mtoto wa kilo 45 ao 50, kidogo kidogo kwa chupa ao kwa mpira wa tumbo. Mlango ukiisha fungwa, inabaki plasma ya farasi mwingine mu mshipa, lita moja ao mbili ao zaidi, kisha kupima tena. Ni kazi ya veterineri, na bei yake si ndogo. Na tena namba si hukumu. Mtoto mwenye gramu 5 mu zizi safi, kitovu kimetunzwa, anaweza kuishi bila shida. Mwenye 9 mu uchafu anaweza kufa. Lakini mwenye 2 ni mtu anayevuka barabara akiwa amefunga macho.

Musifikiri kwamba antikoro za mama ni wema mtupu. Kuna jike ambaye, mu mimba ya mbele ao wakati wa kuzaa, alikutana na chembe nyekundu za damu za aina ingine isiyo yake, zile mtoto alirithi kwa baba. Mwili wake ukatengeneza antikoro juu ya hizo chembe. Mimba ifuatayo mtoto anazaliwa muzima kabisa, anasimama, ananyonya ile kolostrumu nzuri, Brix ya juu, na mbele ya siku mbili ao tatu anageuka manjano: antikoro za mama zinapasua damu yake mwenyewe. Kwa wanaozalisha nyumbu, jike la farasi na punda dume, hatari ni kubwa zaidi. Hapo mambo inageuka: mtoto anafungwa mdomo siku ya kwanza na kupewa kolostrumu ya mama mwingine. Kuna teste rahisi ya kujua mbele: unachanganya kolostrumu iliyopunguzwa na damu ya mtoto, na kama chembe zinashikana mafungu mafungu, usimuache anyonye.

Tuseme yote yameenda vizuri. Ile mali ya mama ni ya kukopa. Kila majuma matatu ao ine hivi inabaki nusu, na wakati ule mtoto anaanza kidogo kidogo kutengeneza zake. Mu mwezi wa pili hivi za mama zimepunguka na zake hazijatosha, ni kipindi cha kuchunga. Na kuna jambo lingine: antikoro za mama zikingali ndani zinaweza kushika chanjo mbele mwili wa mtoto uione. Unachoma sindano, unaandika mu kitabu, na mtoto hajajifunza kitu. Ndiyo sababu watoto wa majike yaliyochanjwa wanaanza chanjo wakiwa na miezi ine mpaka sita, kufuatana na chanjo.

Sasa mumeisha ona: mtoto wa miezi mitatu anaweza kuwa pozitifu kwa ugonjwa ambao hajawahi kukutana nao. Damu yake inaeleza historia ya mama. Hapo njo tunaingia mu diagnostiki yenyewe.

Kuna ugonjwa mmoja ambapo antikoro zinasema karibu yote. Ni anemia ya kuambukiza ya farasi, virusi ya familia moja na ya sida, inayobebwa na nzi wakubwa wa kuuma. Mwaka 1970 Leroy Coggins, kule Iniversite ya Cornell, alieleza teste ya jeli: kishimo cha katikati kina kipande cha virusi, vya pembeni vina serumu za farasi, kama antikoro ziko, zinakutana na virusi njiani na kuchora mstari mweupe kisha siku moja ao mbili. Ata leo watu wanasema «teste ya Coggins». Nguvu yake inatoka wapi? Farasi akiisha kupata hiyo virusi haimutoke mpaka kufa. Basi kuwa na antikoro ni kuwa na virusi. Marekani farasi pozitifu anauawa, ao anatengwa maisha yake yote, karibu mita 180 mbali na wengine, juu nzi wale hawapendi kuruka mbali wakiwa na damu ya nusu mlo mdomoni.

Na ata pale, kuna milango miwili ya makosa. Farasi aliyeambukizwa juma iliyopita atakuwa negatifu. Antikoro zinaweza kungojea mpaka siku 45, na wengine wachache wanapitisha. Na mtoto wa jike mgonjwa atakuwa pozitifu kwa maziwa ya mama, miezi sita ao zaidi, ata kama virusi haiko kwake. Wenzetu wa medsini hii wanaijua vizuri: mtoto wa mama mwenye VIH hawamuhukumu kwa teste ya antikoro mbele ya miezi 18. Ni sababu ile ile, isipokuwa mtu alizipata kwa plasenta na farasi kwa maziwa.

Magonjwa mengine hayako vile. Gripu ya farasi inakuja na kuondoka, antikoro zinabaki, na chanjo nayo inazileta. Titre moja haikuambie kitu. Unapashwa kutoa damu siku za kwanza za homa, kisha tena majuma mawili ao matatu nyuma, na kupima zote mbili siku moja mu labo moja. Kama imepanda mara nne, ndiyo, ni gripu. Kwa virusi ya West Nile wanatafuta IgM, juu ile ni harufu ya juzi. Kwa tetanosi wala usisumbuke kupima antikoro za mgonjwa: sumu yenye kuua ni kidogo sana mpaka mwili haujaiona vizuri; unaangalia masikio yaliyosimama, mkia mgumu, taya iliyofungwa, na unatafuta kidonda.

Na hesabu moja ndogo, ya kichwani tu, kwa wale wanaoamini teste kupita kiasi. Chukua farasi 1000 mu inchi ambapo mmoja tu ni mgonjwa. Teste yako inakosea mara moja kwa mia kwa wale wazima. Itakupa pozitifu karibu 10 za uongo na moja ya kweli. Ile teste ile ile mu inchi ambapo nusu ni wagonjwa, karibu kila pozitifu ni ya kweli. Karatasi haijabadilika, inchi njo imebadilika. Kwa hiyo Coggins ya jeli bado inatumiwa kuhakikisha teste za haraka, na hakuna anayepashwa kuua farasi kwa teste moja.

Turudi kwa jike la rafiki yangu. Piroplasmozi inaletwa na vidudu viwili vya mu chembe nyekundu za damu, Theileria equi na Babesia caballi, vinavyobebwa na kupe. Afrika Kusini imejaa. Farasi wengi kule wanakutana navyo wakiwa wadogo, wanapona, na Theileria inabaki ndani yao kimya kimya, mara mingi maisha yote, na antikoro pamoja nayo. Basi kama swali ni la mpaka, «huyu farasi amebeba ao hajabeba», karatasi inajibu vizuri sana. Marekani inakataa kuingiza farasi wenye jibu kama lile. Lakini swali la patro lilikuwa: «homa hii ya juma hii inatoka wapi?» Kwa farasi mzima wa miaka saba aliyetoka kule, kuwa pozitifu ni kama kuwa na kovu la chanjo kwenye bega. Na kama ingekuwa homa ya kwanza kabisa, siku za mwanzo antikoro zingeweza kuwa bado, karatasi ingesema negatifu na mgonjwa angekuwa mgonjwa kweli.

Wangepima ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaobebwa na visubi, ingekuwa mbaya zaidi. Farasi wa kule wanachanjwa na virusi hai iliyopunguzwa nguvu, na teste ya kawaida ya antikoro haiwezi kutenganisha chanjo na ugonjwa. Mtu angeua nyama juu mwenyewe wa kwanza alimutunza vizuri.

Na dawa iliyotaka kununuliwa, imidokarbi, si maji. Kwa Theileria wanachoma dozi kubwa na kuirudilia mara ine. Farasi anatoka mate, tumbo linamuuma, na maini na figo zinaweza kuumia. Kumupa farasi aliyedhoofika bila kujua anaugua nini, hapana.

Nilimuandikia rafiki mambo mafupi. Mimi si veterineri, muite veterineri. Akija, mumuonyeshe karatasi na mumuambie umri, alitoka wapi, alichanjwa nini na lini, homa ilianza siku gani, juu labo haikuuliza na ninyi hamukuandika. Atoe damu sasa hivi, homa ikiwa juu, aipanguse kwenye kioo, aiweke rangi ya Giemsa, aangalie ndani ya chembe nyekundu. Aangalie kama damu imepungua, kama macho na fizi ni manjano. Kisha aangalie farasi mzima, toka kichwa mpaka kwato.

Jana jioni akanijibu. Fizi hazikuwa manjano, damu haikuwa imepungua sana, na kwenye kioo hawakuona kidudu. Wakamufungua mdomo. Jino moja la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, na usaha chini yake. Ndiyo sababu alikuwa anatafuna upande mmoja na kuangusha majani, na hakuna aliyeangalia toka siku ile karatasi ilifika. Jino wanalitoa kesho. Patro ameuliza kama ile karatasi ya pozitifu waitupe, nami nimesema hapana, muiweke mu fardo ya farasi: siku akitaka kumuuza inje ya inchi, ataulizwa.

Mimi nimeomba kitu kimoja tu kwa rafiki. Jike la pili wamesema ana mimba. Anunue refraktometre, ao aazime ile ya tomate.